Alama ya Hatua ya Saba

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaketi kwenye meza ya shangazi yake bila hata kunywa maji. Jina hilo alipewa na nyumba nzima, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kila kitu: kula, kusema, hata kufagia, ingawa ufagio wake haukuwahi kufika chini ya vitanda.

Mezani palikuwa na ndege ya kivita. Haikuwa ndege bado, ilikuwa vipande mia moja na arobaini vya plastiki ya kijivu, vingine vidogo kama punje ya mchele. Shangazi alikuwa fundi wa ndege za namna hiyo jeshini. Mkuu wake wa karakana, mzee aliyemfundisha kazi, alikuwa anastaafu Jumamosi, na Shangazi alitaka kumkabidhi mfano wa ndege waliyoihudumia pamoja kwa miaka kumi na minane. Bahati mbaya akateleza bafuni, akavunjika mkono wa kulia. Mkono ukafungwa plasta, na vidole vya Chapuchapu vikawa ndivyo vidole vyake.

"Sharti langu ni moja tu," Shangazi alimwambia siku ya kwanza, akimwonyesha karatasi ya maelekezo. "Ukimaliza hatua, weka alama ya vema. Hujamaliza, usiweke. Hivyo ndivyo tunavyofanya karakanani."

"Sawa, Shangazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukera. Bawa la kushoto lilikataa kukaa. Likibanwa huku, linaachia kule. Gundi ilipenda vidole kuliko plastiki. Gurudumu moja liliruka likapotea, yeye na mdogo wake wakatambaa sakafuni nusu saa nzima, kumbe limenasa kwenye nywele zake mwenyewe. Chapuchapu alilia kwa hasira mara mbili, na mara zote mbili mdogo wake alicheka.

Hatua ya saba ndiyo iliyomponza. Maelekezo yalitaka aipe pua uzito kwa kuijaza vipande vya risasi, vile ambavyo wavuvi hufunga kwenye mishipi yao, avigandishe kwa gundi, kisha asubiri siku nzima kabla ya kufunga tumbo la ndege. Siku nzima! Na Shangazi siku hiyo alikuwa amekwenda hospitali kuangaliwa mkono. Chapuchapu akaona hakuna atakayechungulia ndani ya pua. Akafunga tumbo, akaweka alama ya vema, akaendelea na hatua ya nane.

Baada ya kupaka rangi alianza kuichakaza, maana ndege iliyofanya kazi miaka mingi haing'ai kama sufuria ya dukani.

"Masizi hufuata upepo," Shangazi alimwelekeza. "Yaanzie kwenye bomba la moshi, yaelekee mkiani. Ukiyapeleka mbele, mzee atacheka mpaka plasta yangu ipasuke."

Kwa kipande cha sponji akadonoa rangi ya fedha mahali ambapo buti za mafundi zingekwangua bawa. Ikapendeza kwelikweli.

Alhamisi jioni akaisimamisha kwa magurudumu yake. Ndege ikainua pua juu, ikakalia mkia.

Akaishusha pua kwa kidole. Alipoachia tu, ikakalia mkia tena.

"Imechoka," alisema mdogo wake. "Ipake gundi kwenye magurudumu, uibandike ubaoni."

"Nyamaza!" Lakini Shangazi alipoingia, chupa ya gundi tayari ilikuwa mkononi mwa Chapuchapu.

"Mbona imekaa kama mbwa?" Shangazi aliuliza. Akachukua karatasi, kidole chake kikashuka mpaka hatua ya saba. "Uzito umeweka, alama yako hii hapa. Basi waliotengeneza hivi vipande ndio waliokosea vipimo! Mwanangu amehangaika wiki tatu, halafu watu wanamharibia kazi! Nipe simu, nimpigie mwenye duka."

Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kama angeshukiwa, uongo alikuwa nao tayari. Kwa kuaminiwa hivi hakuwa na jibu.

"Usipige, Shangazi," alisema. "Sikuweka. Niliweka alama tu."

Shangazi aliiweka simu mezani polepole. Chapuchapu alitamani angefokewa.

"Kulipua kazi ni kosa, na ningekugombeza," Shangazi alisema. "Lakini alama, mwanangu! Rubani hachungulii ndani ya injini. Anasoma karatasi, anaona saini yangu, anaruka. Roho yake ameikabidhi kwa kalamu yangu." Akamwacha alie kidogo. "Haya, futa machozi. Leta msumeno mdogo."

Chapuchapu aliikata pua mwenyewe, rangi yake nzuri ikibanduka mbele ya macho yake. Akajaza risasi, akatia gundi, na safari hii akasubiri mpaka Ijumaa jioni. Alipoifunga tena na kuipaka rangi, kiraka kilionekana wazi. Akachota rangi ya masizi akifunike.

"Acha," Shangazi alisema. "Hata ndege ya kweli ikitengenezwa, kiraka huonekana."

Kisha akampa kalamu. Chapuchapu akaikata alama ya kwanza kwa mstari mmoja, akaweka nyingine pembeni.

Jumamosi ndege ilisimama juu ya magurudumu matatu mbele ya mzee wa karakana. Aliinama, akafuata masizi mpaka mkiani akitikisa kichwa kwa furaha, kisha kidole chake kikatua puani.

"Hapa pana kiraka kipya. Nani alitia saini hatua hii?"

Shangazi akatazama dari.

"Mimi, afande," alisema Chapuchapu. "Mara ya kwanza nilidanganya. Mara ya pili ndiyo ya kweli."

Mzee aliomba karatasi, akaitazama ile alama iliyokatwa, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Hii nitaitunza pamoja na ndege," alisema. "Sikiliza, binti. Fundi asiyekosea sijamwona, na mimi nimo. Kosa hutengenezeka. Anayeficha kosa ndiye nisiyemkabidhi hata spana."

Chapuchapu alisogea karibu. "Na mimi, afande? Ungenikabidhi?"

Mzee akamtazama Shangazi, kisha akamgeukia tena.

"Ndogo," alisema. "Kwa kuanzia."