Mkufu Ndani ya Pindo

Siku ya gulio, mji wa Same haukuwa na pa kupita. Lori la Suji, kutoka milimani, lilisimama mbele ya duka lenye picha ya Malkia mpya wa Uingereza, abiria wakaanza kushuka na mikungu yao ya ndizi, na Eliwaza aliporuka chini, pindo la gauni lake la bluu likanasa kwenye msumari wa bodi.

"Dada, umeacha nusu ya gauni juu," alisema fundi aliyekuwa na cherehani barazani.

"Na wewe umeacha kazi kuangalia miguu ya watu."

"Nilikuwa naangalia pindo. Njoo nikushonee, sitaki hata senti."

Fundi huyo aliitwa Melkizedeki, kijana mrefu wa Ngujini, huko Ugweno, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kola. Eliwaza alikaa kwenye benchi, akamsogezea upande uliochanika tu.

"Shona hapa. Huku kwingine usiguse."

"Huku kuna nini?"

"Kuna kutoguswa."

Basi hapo ndipo fundi aliponaswa. Kila gulio Eliwaza akawa na kitu cha kushonesha, mara kifungo, mara mkanda, na vingine alivifumua mwenyewe makusudi. Kigweno cha mmoja na Chasu, yaani Kipare, cha mwenzake havikuelewana, kwa hiyo wakapendana kwa Kiswahili. Tatizo lao lilikuwa siku.

"Jumamosi wewe uko kanisani, Jumapili niko mimi," alisema Melkizedeki. "Tukioana tutalima lini, mpenzi?"

"Kwanza mwone baba. Kulima baadaye."

Baba yake, Mzee Tumainieli, alikuwa mzee wa kanisa, na mgeni wa Ugweno alihitaji sababu nzuri ya kumfikia. Sababu ikajileta. Gulio moja, Eliwaza alipokwisha kupanda lori, Melkizedeki alifagia baraza akaona mkufu mwembamba wa shaba katikati ya vipande vya nguo, umenaswa na uzi wa bluu. Alijua ni wa nani. Badala ya kungoja gulio lijalo, akaona aupeleke nyumbani kwao, ili mzee amwone mkwe mwaminifu. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila hakuwajua watu wa Suji. Kwao Ugweno mwanamke alivaa mkufu mpaka kanisani na hakuna aliyegeuka. Katika kanisa la kina Eliwaza, mtu akibatizwa mapambo huyaacha.

Alifika Suji Jumamosi, watu wakitoka ibadani. Aliwaamkia wazee, kisha akautoa mkufu mbele ya wote.

"Dada Eliwaza, uliuangusha kwangu."

Mzee Tumainieli aliutazama mkufu kwa muda, akamgeukia binti yake.

"Ni wako?"

"Si wangu, baba."

"Basi, kijana, umekosea mtu."

Mama mmoja akasema vijana wa tambarare siku hizi wanawahonga mabinti hadi mlangoni mwa kanisa, na watu wakacheka. Melkizedeki aliteremka mlima na mkufu mfukoni, amefedheheka, hasira imemjaa. Aliamini Eliwaza alimwonea haya yeye.

Gulio lililofuata Eliwaza alikuja, hakukaa.

"Ulikuja kunivua nguo mbele ya kanisa zima."

"Na wewe ukanifanya mwongo mbele ya baba yako. Kama unanionea haya, sema."

"Sikuonei haya. Ule ni mkufu wa marehemu mama. Alipobatizwa aliambiwa autupe, akashindwa. Aliushona ndani ya pindo la gauni lake, hili hili, na siku zake za mwisho akanipa. Ningesema ni wangu, ningemwaibisha yeye kaburini."

Hasira ikamwisha Melkizedeki palepale, akabaki na uchungu tu. Alimwekea mkufu kiganjani. Eliwaza akaurudisha.

"Nikiuchukua kwa kificho nitakuwa nimemkana tena. Kaa nao. Nitamwambia baba."

"Akikufukuza?"

"Utanishonea mfuko wa kutilia nguo zangu."

Wiki ile Melkizedeki alishona mkono wa shati la mteja mahali pa kola. Lori la Suji lilipofika, Eliwaza alishuka macho yamevimba, na nyuma yake Mzee Tumainieli, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulete."

Mzee alikaa kwenye benchi, akaupitisha mkufu vidoleni pingili kwa pingili.

"Nilimnunulia mama yake kwa mhunzi wa kwenu, nilipokuwa namchumbia," alisema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia autupe. Akaniambia ameutupa mtoni."

"Kwa hiyo pale kanisani, baba..." Eliwaza alianza.

"Niliujua. Tulisema uongo siku ya Sabato, mimi na wewe, na aliyesema kweli akachekwa. Jumamosi nitasimama niwaambie."

Eliwaza alilia bila kujificha. Mzee akamwekea mkufu mkononi.

"Mwenyewe ni huyu," alimwambia fundi. "Haya, gauni la arusi huchukua muda gani kushona?"

Melkizedeki aliinamia cherehani yake.

"Nimeshalikata, baba."

Mzee alilisikia hilo neno "baba", akageuka kuangalia lori. Eliwaza akaufuta mkufu kwa kanga, akauweka mezani karibu na mkasi.

"Huu uweke ndani ya pindo," alisema. "Na safari hii shona vizuri."