Hadithi ya Kumi na Moja

"Milembe, usipande!"

Sauti hiyo ya kiume, nzito na tulivu, ilimfikia Milembe binti Bujiku akiwa na mguu mmoja juu ya ngazi ya basi la Maswa. Stendi ya Bariadi ilikuwa imefurika asubuhi ile: bodaboda zinanguruma, wapiga debe wanashindana kwa makoo yao, wachuuzi wa karanga wanapita madirishani. Katika ghasia yote hiyo, jina lake lilitamkwa wazi kama linavyotamkwa na mtu aliyesimama ubavuni.

"Milembe, nakusihi. Aliyepanda chombo hicho jana hajarudi, wala majivu yake hayajaonekana."

Akageuka huku na huku, asimwone amjuaye.

"Dada, unapanda au unapiga picha?" konda akamkemea. "Watu wanachelewa!"

Miguu yenyewe ikamshusha. Basi likaondoka, na vumbi lake likatua juu ya gauni la kitenge cha samawati alilolishona kwa mikono yake, lenye mabega yaliyosimama na kiuno kilichokazwa vema. Alipojipangusa ndipo alipoona spika imetundikwa juu ya kibanda cha kuuzia kadi za simu na redio. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, mikono ameikunja mara mbili.

"Kaka, ni wewe uliyeniita?"

"Mimi? Dada, tangu ninywe chai sijafungua kinywa."

Milembe akashika ukingo wa meza. Sauti ilikuwa ileile!

"Unanifanyia mazingaombwe mchana huu? Aliyenena pale juu ni wewe!"

"Sauti ni yangu, sikatai. Lakini haikukuita wewe. Inamwita msichana anayetaka kuteremka kwenye sayari ya Zuhura." Kijana akatabasamu, kisha akalizuia tabasamu lake alipoona mgeni wake hacheki. "Samahani sana. Naitwa Dastan. Unaijua tamthilia ya Kituo cha Zuhura, ya wale watu wanaoishi katika mji unaoelea mawinguni?"

"Nani asiyeijua? Baba yangu aliifuata mpaka macho yake yakazima. Hata sasa hukaa mbele ya televisheni akiniuliza, huyu nani, amefanya nini."

"Basi zimetungwa hadithi fupi za kusikiliza kutokana na tamthilia hiyo. Kampuni moja ya Mwanza inazitoa kwa Kiswahili, na mimi ndiye ninayezisoma. Majina ya Kizungu yalinivunja ulimi, wakaniruhusu niweke ya kwetu."

"Ukaona uweke langu."

"Nilitafuta jina zuri."

"Nawe jina hilo zuri umelikosesha gari! Nitafikaje Malampaka?"

"Gari la pili ni saa nne. Mpaka hapo kuna kiti, kuna kivuli, na kuna mtu wa kukusomea."

"Una maneno wewe."

"Ndiyo kazi yangu, dada."

Saa nne ilipofika, Milembe alikuwa na kadi ya kutia katika redio, yenye hadithi kumi kwa ajili ya baba yake, na namba ya simu ambayo hakuiomba lakini hakuikataa. Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Mapenzi yao yalikua katika simu. Milembe alikuwa na chumba cha cherehani karibu na soko, akishona sare za shule pamoja na rafiki yake Philomena. Na kila jioni, alipofunika cherehani, simu ililia.

"Malkia wa uzi na sindano, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, mkaazi wa Zuhura. Huko mawinguni mmekula?"

"Tumekula ugali wa baridi. Huku hakuna wa kutupikia."

"Tafuteni mpishi."

"Tumemwona. Anajidai kuwa na kazi nyingi."

Siku moja Milembe alikwenda kukiona chumba cha Dastan cha kusomea hadithi, mlango ukiwa wazi na Philomena amekaa kizingitini akila karanga kama askari wa zamu. Kuta zote zilikuwa zimetundikwa magodoro membamba ya pamba mbichi, ili kelele za bodaboda zisiingie katika usomaji. Milembe aliyakagua, akatikisa kichwa kwa mishono mibovu aliyoiona, na wiki iliyofuata akamletea mengine. Dastan alipogusa kazi ile hakusema mzaha hata mmoja, na Milembe akajua kwa hilo kwamba anapendwa.

Jioni moja ya mwezi wa sita Milembe alimfunulia simuni jambo ambalo hakupata kumwambia mtu.

"Dastan, baba yangu alituacha. Miaka tisa alikaa machimboni Kahama, hakuleta barua wala salamu. Alirudi macho yameanza kufa, na mama, jina lake Elina, akampokea bila neno. Mama alipougua nilimuuguza peke yangu hospitalini hapa Bariadi. Baba hakuweza kusafiri. Nilipopeleka msiba nyumbani, baba aliniuliza kitu kimoja tu: 'Hakuniachia neno?' Nikamwambia, 'Amesema amekusamehe yote.'"

"Naam."

"Hakusema. Siku mbili alitazama ukuta, kisha akafa. Nilitunga mimi. Na baba anaishi kwa neno hilo, Dastan. Kuamka kwake ni hilo, kulala kwake ni hilo. Akijua, atakufa."

Milembe aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Dastan? Simu imekatika?"

"Haijakatika. Nipo."

"Nisemeshe basi."

"Sina neno, mpenzi. Leo sina."

Milembe alidhani ni huruma. Kumbe mwenzake alikuwa amekaa kitandani, ameduwaa kwa aliyoyasikia.

Miezi miwili baadaye, katika msimu wa kuuza pamba, Philomena alirudi kutoka mnadani Maswa na kadi mpya, akaiingiza katika redio yao ya chumbani.

"Shemeji anatuficha vitu," alisema. "Ile kadi aliyompa baba yako ina hadithi kumi. Hii ina kumi na moja! Hebu sikia hii ya mwisho."

Milembe alikuwa anakata kitambaa. Sauti aipendayo ikajaa chumbani, ikisimulia habari za binti mmoja wa kituoni na baba yake aliyekuwa amepotelea miaka mingi katika sayari za mbali.

"*Baba, mama amekuachia neno. Amesema amekusamehe.*" Kisha sauti ikashuka: "*Lakini mama hakusema lolote. Siku tatu alitazama ukuta, na ya nne akafa. Neno lilikuwa la binti.*"

Mkasi ulianguka.

"Zima!"

"Mbona ndiyo inanoga? Wanawake pale mnadani walikuwa wanalia..."

"Philomena, zima!"

Alitoka uani, akapiga simu.

"Malkia wa uzi..."

"Umeniuza."

"Nini?"

"Ukuta! Umetia mpaka ukuta! Siku umezigeuza zikawa tatu, ukadhani sitaujua msiba wangu? Mama yangu anachezwa mnadani, Dastan, watu wanauza mbuzi huku wanamsikiliza akifa!"

"Milembe, nisikilize. Hadithi hiyo niliiso..."

Hakumsikiliza. Alikata, akaifungia namba yake isiweze kumfikia, na papo hapo wazo la pili likampiga kwa nguvu kuliko la kwanza: baba. Kama kadi zimefika Maswa, Malampaka ni mbali gani?

Njia nzima hakuona kitu. Alishuka karibu na stesheni ya reli, akaenda mbio na viatu mkononi, mwanamke ambaye hakupata kuonekana barabarani akiwa na ushungi uliopinda. Mzee Bujiku alikuwa amekaa barazani, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, redio ndogo imelala mapajani. Redio ilikuwa imezimwa. Milembe akashukuru kimoyomoyo, akapiga goti, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanone, mtoto wangu. Umekimbia. Nani anakufukuza?"

"Hakuna, baba. Nimekuja kuchukua ile kadi. Ina hitilafu, nitakuletea nyingine."

"Haina hitilafu. Ina upungufu." Mzee aliipapasa redio. "Kijana yule anataja mwanzoni kwamba hadithi ni kumi na moja. Nikahesabu, kumi. Nikarudia, kumi. Kipofu ana kazi gani zaidi ya kuhesabu? Nikamtuma jirani stesheni kwa wauza kadi. Ameniletea juzi."

Milembe akaketi chini palepale.

"Nimeisikia mara nne," akaendelea mzee.

"Baba, nisamehe..."

"Kaa vizuri, usilie kwanza. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba Elina hakusema. Nilijua siku ileile uliponiambia." Uso wake haukubadilika. "Ulinipa maneno yale kwa Kiswahili, mwanangu, eti ndivyo yalivyotoka kinywani mwake. Mama yako Kiswahili alikitumia kwa wanunuzi wa pamba na kwa wauguzi. Aliponipenda, aliponitukana, alipomlilia mtoto wetu wa kwanza aliyefariki, alitumia Kisukuma. Jambo zito kama hilo angelisema kwa lugha ya wanunuzi wa pamba?"

Miaka mitatu Milembe alikuwa ameubeba uongo ule kama chungu cha maji kichwani, akichelea kila hatua; na aliyembebea alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba chungu ni kitupu.

"Basi kwa nini ulilia? Kwa nini ulinishukuru?"

"Kwa sababu uliona nastahili kudanganywa kwa wema. Sikuwa na kingine cha kushika." Akanyoosha mkono hewani mpaka ukampata bega. "Elina amekwenda na lake, nitalikuta mbele ya Mungu. Lakini lako sijapata kukuuliza, nami niliogopa. Miaka tisa nilikuacha nawe pia, Milembe. Wewe umenisamehe?"

Milembe hakupata kuulizwa hilo. Katika miaka yote hiyo alijiona mchukuzi tu wa msamaha wa mtu mwingine. Hakujua kwamba yeye mwenyewe anadaiwa jibu. Alitazama uso wa baba yake, macho yale meupe yakimngoja. Alitafuta hasira yake, akaikuta bado ipo, kongwe, imekonda. Kisha akampa msamaha wake mwenyewe, kwa Kisukuma, polepole, na kila neno likamgharimu.

Mzee Bujiku alivua kofia, akaiweka chini.

"Na huyo msomaji wako unayenitajia kila ukija, amekukosea nini?" akauliza hatimaye. "Unapumua kama mtu aliyegombana."

"Alichukua siri yangu, baba, akaiuza."

"Lini?"

"Nilimwambia mwezi wa sita."

"Wa mwaka huu? Hebu washa, peleka mpaka mwisho kabisa."

Akawasha. Hadithi ikaisha, na sauti ya Dastan ikasema kwa adabu, "*Imesomwa Bariadi, Juni, mwaka elfu mbili na ishirini na tatu.*"

Milembe alishika kinywa. Karibu miaka miwili kabla hawajajuana! Hadithi ilikuwepo, ni maisha yake ndiyo yaliyofanana nayo, kama mgeni anayekuta picha yake ukutani mwa nyumba asiyoijua. Aliifungua namba aliyoifungia, akapiga.

"Dastan."

"Namshukuru Mungu. Uko salama?"

"Nimesikia tarehe."

"Jioni ile uliponisimulia, nilidhani naota," alisema Dastan. "Nilikuwa nimeisoma hadithi ile kwa kinywa changu. Hata katika kadi ya baba yako, siku ya kwanza, sikuiondoa kwa hila. Yeye mwenyewe mgonjwa wa macho, mfiwa, kama ulivyonieleza, niliona ile ni nzito kwa mzee. Baadaye nikaogopa. Ningekuambia, ungesema nimekupenda kwa kuwa unafanana na hadithi."

"Ulipaswa kuniambia."

"Nilipaswa. Hilo ni kosa langu na sina utetezi."

"Uko wapi sasa?"

"Maswa. Niko juu ya bodaboda, nimesimama kando ya barabara. Philomena amenielekeza, nakuja Malampaka. Ulidhani nitakaa?"

Alifika jua likiwa limeinama, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, nywele zimesimama. Alipiga magoti mbele ya mzee kabla hajamtazama Milembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sauti ni yenyewe," alisema Mzee Bujiku, akainamisha sikio. "Umekuja kutaka nini?"

"Nimekuja kumwomba radhi binti yako. Na akiniwia radhi, nirudi na wazee wangu kwa utaratibu, nimwoe."

"Sema kwa Kisukuma."

Dastan akatahayari. Alikuwa mzaliwa wa Mwanza mjini. Lugha ya babu zake aliifahamu kwa kusikia zaidi kuliko kusema. Yeye aliyesikilizwa Bariadi mpaka Maswa alimeza mate, akababaika, akaanza, akakosea, akaanza tena. Mwishoni, kwa kukata tamaa, akalitoa neno moja alilokuwa na hakika nalo:

"Nakutogilwe."

"Nami nakupenda pia, kijana," alijibu mzee, "lakini umenielekea mimi. Mgeukie mwenyewe."

Milembe akacheka huku machozi yakimtoka. Dastan akageuka juu ya magoti yake, akalisema tena, kwa sauti ndogo ambayo hakuna kadi iliyopata kuinasa.

"Utajifunza," alimwambia Milembe. "Sitaki kuolewa kwa lugha ya wanunuzi wa pamba."

"Nitajifunza. Unanikubali, basi?"

Alimjibu kwa Kisukuma, maneno mengi, kwa haraka. Dastan akamtazama, kisha akamtazama mzee kwa wahaka.

"Amesema nini, baba?"

"Amesema uoge kwanza," alijibu Mzee Bujiku, akiitafuta kofia yake sakafuni. "Mengine atakueleza mwenyewe ukishajifunza."