Mghoi Apaka Breki Mafuta

Sogeeni hapa, nafasi ipo. Leo tunapanda mlima, hadi nyumbani kwa Mghoi.

Mghoi ana miaka saba. Anaishi na mama yake juu kabisa kwenye vilima vya Taita. Huko ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi.

Mama ana baiskeli ya umeme ya kupandia milima. Ina matairi manene, betri nzito na mota inayoimba. Vuuuu, vuuuu.

Kila asubuhi Mama huteremka nayo kupeleka maziwa sokoni. Njia ni ya mawe, na mteremko ni mkali kwelikweli.

Fundi wa baiskeli yuko mbali. Kwa hiyo Mama huitengeneza mwenyewe, na Mghoi humshikia spana. Kabla ya kuanza, wote wawili husema:

"Betri nje. Macho kwanza. Mikono baadaye."

Siku moja Mama alirudi breki zikilia. Nyiiiii! Hata kuku walikimbia. Mama akasema atazitazama akishamaliza kukamua ng'ombe.

Mghoi hakungoja. Dawa ya kelele aliijua. Cherehani ikilia, hupakwa mafuta. Mlango ukilia, hupakwa mafuta. Basi akachukua kikopo cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu.

Macho kwanza? Wapi! Mikono ilikuwa imeshatangulia.

Katikati ya kila gurudumu pana kisahani cha chuma, na hapo ndipo breki hubana. Mghoi akadondosha mafuta hapohapo. Gurudumu la mbele, to, to, to. Gurudumu la nyuma, to, to, to.

Akaisukuma baiskeli uani kwa nguvu zake zote. Akabana breki. Kelele imekwisha! Mghoi akatabasamu.

Lakini baiskeli haikusimama. Ilizidi kwenda, polepole, hadi ikagonga pipa la maji. Diii.

Tabasamu likapotea. Mghoi aliukumbuka ule mteremko. Aliikumbuka ile kona kali, na mama yake juu ya baiskeli isiyosimama. Aliogopa sana.

Angeweza kukirudisha kikopo na kunyamaza. Lakini alikwenda zizini moja kwa moja.

"Mama, kesho usiteremke. Nimepaka breki mafuta."

Mama akaacha kukamua. Kisha akamweleza kwamba breki hushika kwa kusuguana, na penye mafuta huteleza.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Breki zisiposhika, siteremki."

"Zitashika," akasema Mghoi. "Nitazisafisha mwenyewe."

Betri nje. Macho kwanza. Mikono baadaye.

Mama akatoa betri. Akafungua magurudumu, akatoa na vile vipedi vidogo vinavyobana kisahani. Mghoi akatazama. Mafuta yaling'aa kila mahali.

Akafuta visahani kwa kitambaa na spiriti. Kitambaa kikawa cheusi. Akachukua kingine.

Vipedi akavisugua kwa msasa. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mama akarudisha kila kitu mahali pake. Wakajaribu uani. Baiskeli ikateleza. Bado.

Mghoi alikuwa na weusi puani, na vidole vilimuuma. Mama akamwambia apumzike. Mghoi akatikisa kichwa, akaomba wafungue tena.

Betri nje. Macho kwanza. Mikono baadaye.

Kwaru, kwaru, kwaru. Wakajaribu mara ya pili. Baiskeli ikasita, kisha ikateleza. Bado.

Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru, kwaru. Safari hii kitambaa kilipita juu ya kisahani kikabaki cheupe.

Mama akapanda. Akazunguka uani, vuuuu, akaelekea kwenye pipa, akabana breki.

Baiskeli ikasimama tuli.

Akazunguka tena. Tuli. Akazunguka mara kumi, kwa sababu Mghoi alitaka mara kumi. Mara zote kumi, tuli.

Asubuhi Mama aliteremka na maziwa yake. Mghoi alisimama kando ya njia akimfuata kwa macho. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Ile kona kali.

Hapo Mama akasimama, tuli, akampungia mkono. Ndipo Mghoi akapumua.

Mchana Mama alirudi salama, na andazi la moto mfukoni.

Usiku Mghoi alipanda kitandani. Nye, nye, nye! Kitanda nacho kikaanza kulia.

Mghoi akaruka chini, akakimbilia kikopo cha mafuta. Akakishika. Halafu akakirudisha.

Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Akatazama mguu mmoja, akatazama mwingine. Kumbe nati moja imelegea.

Akaenda kuchukua spana.

"Umetoa betri?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Mama, kitanda hakina betri," akasema Mghoi, akakaza nati.

Kisha akapanda tena. Akageuka huku. Akageuka kule. Kimya.

Mama akamfunika blanketi hadi kidevuni. Ukungu uliingia jikoni, bila kubisha hodi, na Mghoi akalala tuli.