Kozi Sita na Tasnifu Moja

"Barua ya chuo kikuu iko wapi?" Baba aliuliza kwa mara ya tatu, msumeno ungali mkononi. "Nionyeshe karatasi yenye mhuri, nami nitanyamaza."

"Mhuri utakuja mwisho wa mwezi," Mama alijibu huku akipekua droo kutafuta bahasha. "Alama zote ninazo. Hesabu imeshapigwa."

"Imepigwa na nani? Na mtoto wa darasa la sita!"

"Mtoto huyohuyo anayekupigia hesabu za mbao zako. Hizo mbona huzikatai?"

Nyuma ya pazia la chumba, msichana waliyekuwa wakimzungumzia alikuwa akisikiliza. Nyumbani walimwita Kikokotoo. Baba, ambaye ni seremala, ndiye aliyempa jina hilo, na siku zote alilivaa kwa maringo. Leo lilimwasha kama upupu.

Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka kumi na mmoja. Kwa miaka miwili ya mwisho alisomea pia shahada ya uzamili chuo kikuu. Alikuwa akirudi kutoka zamu miguu imevimba, anaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, kisha anafungua kitabu mapajani. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwahidi kazi ya kufundisha kwa sharti moja tu: apate daraja la juu, yaani wastani wa sabini kwenda mbele. Metroni wake, mkuu wa wauguzi, naye hakumficha. "Siku utakayoleta barua ya kuacha kazi, nafasi yako anaingia mwingine. Usije kunililia." Barua hiyo sasa ilikuwa mezani, imeshatiwa saini.

Jumamosi, alama ya mwisho ilipotoka, Mama alimkabidhi Kikokotoo karatasi. Kozi sita: 74, 76, 70, 72, 68 na 73. Tasnifu, ile kazi ndefu ya utafiti, 62. Kikokotoo alijumlisha zote saba, akagawa kwa saba, kama mwalimu wake afanyavyo kwenye ripoti za shule. Sabini nukta saba! Aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Mama alikaa sakafuni, akalia, halafu akacheka mpaka majirani wakachungulia.

Jumapili, Kikokotoo akiutafuta ufutio wake, aliuona mwongozo wa chuo kikuu chini ya vitabu. Ukurasa mmoja ulisema wazi: kila kozi ina uzito wa moja, tasnifu ina uzito wa tatu. Alizidisha alama ya tasnifu mara tatu, akajumlisha upya, akagawa kwa tisa. Sitini na nane nukta nane. Alirudia, namba haikusogea. Aliuficha mwongozo chini ya godoro, akalala juu yake kwa siku tatu.

"Mimi huyo nakwenda," Mama alisema Jumatano hii, akiichukua barua mezani. "Nikichelewa, metroni ataingia kikaoni."

Pazia lilifunguka. "Mama, usiende. Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

Kikokotoo alimnyooshea mwongozo, ukurasa ukiwa wazi. "Tasnifu inahesabiwa mara tatu. Nimejua tangu Jumapili."

"Tangu Jumapili!" Baba alifoka. "Mama yako anaingia shimoni, wewe umekaa unamtazama?"

"Mwache," Mama alisema. Aliichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio la Baba, akaigeuza barua ya kuacha kazi, akaanza kukokotoa upande wa pili, taratibu, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliipigia namba duara. Baba, aliyekuwa ameshinda ugomvi, alitazama chini.

"Nisamehe, Mama. Ulikuwa umefurahi sana."

"Nilifurahi, ndiyo. Sasa nisikilize, na wewe seremala usikilize. Ukurasa huu niliusoma mwaka wa kwanza. Nilijua tasnifu ina uzito wake. Nilipoiona sitini na mbili, sikutaka kuukumbuka. Nikamtwika mtoto hesabu ili nisiikokotoe mwenyewe." Alimwinua Kikokotoo kidevu. "Kukosea hesabu si dhambi, mwanangu, hesabu hufutwa. Ila ukishaliona kosa, liseme saa hiyohiyo. Kila siku unayonyamaza, mtu mwingine anazidi kulijengea juu. Na mimi nilinyamaza kama wewe."

"Sasa chuo cha uuguzi utawaambia nini?" Baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kilichopo."

Alichukua simu palepale, akasimama wima kama yuko mbele ya metroni. "Shikamoo, Mkuu. Ni yule muuguzi wa wodi ya watoto. Wastani wangu ni sitini na nane nukta nane. Daraja la juu sikulipata." Alisikiliza. "Naelewa. Mpeni anayefuata. Asante."

Aliichana barua vipande vinne. Hakulia. Alivaa sare yake ya kazi, akafunga viatu, akaenda kuwahi zamu.

Kikokotoo alichukua kitambaa chenye maji, akaenda karakana, akaifuta sabini nukta saba mlangoni mpaka ubao ukabaki mtupu.