Mshtuko wa Gia ya Tatu

Gari la Ibtisam lilianza kushtuka Jumatatu, kila lilipotoka gia ya pili kuingia ya tatu. Kaka yake Mutahhar, fundi wa giaboksi za otomatiki aliyejulikana kwa majigambo katika mji mzima wa Dearborn, Marekani, alicheka tu.

"Oili hiyo, dada. Niachie."

"Nampakia mtoto humo, Mutahhar. Naogopa."

Mutahhar alimwaga oili ya giaboksi, akaweka mpya na chujio jipya. Likashtuka. Akabadilisha valvu za umeme, akapima kwa kompyuta, ikasema gari halina hitilafu hata moja. Likashtuka vilevile, na sasa likatoa harufu, si ya oili iliyoungua, bali ya nyama na nywele. Majigambo yakamwisha.

Alhamisi adhuhuri alilijaribu barabarani peke yake, theluji ikianguka, na gia ya tatu ilipoingia akasikia chini ya miguu yake mtu akivuta pumzi kwa maumivu, akaongeza mwendo ili asisikie, na pumzi ikawa kilio, kilio cha mama anayembembeleza mtoto asiyeamka, mpaka akaegesha kando.

Baba yao, Haji Ghalib, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanong'ona, "Jumapili ulifanya nini gereji?"

"Tundu la maji machafu sakafuni liliziba kwa barafu, baba. Nikamwaga maji yanayochemka."

"Ulisema bismillahi?"

Mutahhar aliinamisha kichwa. "Nilikuwa kwenye simu."

"Ole wako, mwanangu! Marehemu mama yako hakumwaga hata maji ya tambi bila kuwaonya. Majini wanaishi kwenye matundu hayo na watoto wao. Na gari la dada yako?"

"Lilikuwa juu ya tundu. Nilikuwa nalibadilishia breki."

Mzee alisoma Kurani mikono ikiwa juu ya boneti hadi sauti ikamkauka, akimsihi aliyeunguzwa asamehe, atoke. Gari lilitikisika mara moja, harufu ikakatika. Mutahhar akalijaribu tena, gia zikaingia laini, naye akalia kwa furaha bila kuona haya.

Ibtisam alikuja na Rahaf, binti yake wa miezi minane, akamfunga kwenye kiti cha nyuma na kuondoka. Dakika kumi baadaye alipiga simu.

"Gari ni zima, kaka. Halishtuki kabisa."

"Alhamdulillahi!"

"Ni Rahaf. Gia ya tatu ikiingia, anashtuka yeye."

"Egesha gari, Ibtisam. Zima injini."

"Nimeshazima. Bado anashtuka."