Swali la Mlangoni

Asubuhi ile ukungu uliingia hadi barazani mwa zahanati. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wamejikunyata, kama watu ambao bado hawajamaliza kuota. Daktari kijana aliwapita akiwasalimia, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Binti huyu alikuwa daktari tayari, cheti anacho. Sasa alikuwa anajifunza udaktari wa familia, yaani kumtibu mtoto, mama na babu wa nyumba moja. Msimamizi wake alikuwa chumba cha pili. Wanafunzi walimwita Mama Mkubwa, kwa siri, ingawa siri yenyewe alikuwa anaijua.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama fundi cherehani. Alikuja na mumewe.

"Kiungulia tu, daktari," mama alisema, mkono kifuani. "Kinanichoma hapa tangu alfajiri."

"Mwandikie dawa twende," mume alisema. "Nguo za watu zinamsubiri."

Daktari alimpima presha. Akambonyeza tumbo. Tumbo halikuuma. Kitu fulani kilimkaa vibaya rohoni, lakini hakukijua jina.

"Nisubirini kidogo," alisema.

"Unaenda kuuliza?" mume alishangaa. "Kumbe bado mwanafunzi!"

Maneno yale yalimchoma. Aliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Akaenda kusimama mlangoni kwa Mama Mkubwa, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nina mama mwenye kiungulia. Nampa dawa ya kupunguza asidi. Sawa, eh?"

Mama Mkubwa alikuwa anasikiliza kifua cha mtoto. "Kama ni kiungulia, sawa," alijibu bila kugeuka.

Ndivyo wanavyouliza wanafunzi wengi. Swali limeshapikwa na kupakuliwa, anayeulizwa kazi yake ni kula tu.

Daktari kijana alirudi polepole. Ukungu ulijaa koridoni, akawa kama anatembea ndani ya maziwa. Jibu alikuwa nalo, lakini halikumtuliza. Alipofungua mlango, alimkuta mama anajipangusa jasho usoni. Jasho! Na watu wote wengine walikuwa wanatetemeka kwa baridi.

Akarudi mbio. Safari hii aliingia mzima mzima.

"Mama Mkubwa!" Jina lilimponyoka. "Sijui ana nini. Kifua kinamchoma, tumbo haliumi, na anatoka jasho kwenye baridi hii. Naogopa ni moyo. Njoo tumwone sote."

Mama Mkubwa alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akainuka.

Walimpima kwa mashine ya moyo. Kweli, ulikuwa moyo. Mshipa wake mmoja ulikuwa unaziba. Wakampa aspirini atafune, wakaita gari la wagonjwa. Mume alikaa kofia mikononi.

Gari lilipoondoka, daktari kijana alianza kulia.

"Ningemrudisha nyumbani," alisema.

"Ungemrudisha, na mimi nimekwambia sawa," Mama Mkubwa alijibu. "Sikiliza, mwanangu. Mara ya kwanza ulikuja kutafuta 'sawa', nikakupa. Mara ya pili ulikuja kutafuta msaada. Niambie unachokiona, usichokijua na unachokiogopa. Roho ikikataa, niite nimwone mgonjwa kwa macho yangu. Kila siku tunawaambia watu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini daktari akificha, anayekufa ni mwingine."

"Na aibu je?"

"Aibu haijaua mtu. Hata mimi nimekosa, nimekujibu bila kugeuka. Siku nyingine nikifanya hivyo, nivute koti!"

Tangu hapo daktari kijana hakuuliza tena akiwa mlangoni. Aliingia, akakaa, akaeleza yote. Kwa mgonjwa pia alisema wazi, "Namwita mwenzangu tukuangalie sote." Wagonjwa walifurahi. Madaktari wawili kwa foleni moja, nani angekataa?

Baadaye mama fundi alirudi, amekonda kidogo lakini anacheka. Mumewe alikuwa pembeni yake.

"Siku ile nilidhani umeenda kuuliza kwa sababu hujui," mume alisema.

"Ni kweli, baba. Sikujua."

Mume alimshika mkewe mkono.

"Basi, binti yangu," alisema, "endelea kutojua hivyohivyo."