Kanga ya Mama Juu ya Kompyuta

Kila Ijumaa baada ya swala, Warda alikaa kwenye steshenari ya mama yake mdogo, Sihaba, pale Kilindoni, kusubiri simu ya video ya mama yake. Mama alikuwa Maskati, kikazi. Kanga aliyoiacha ndiyo Sihaba aliyolifunikia boksi la kompyuta, gubigubi, ili upepo wa chumvi usilile.

Akisubiri, Warda alicheza gemu la mpira wa kuvunja matofali. Kwa siri, maana Sihaba alikataza. Hakuwa na wa kuongea naye. Mpira ule angalau ulimrudia kila alipoupiga.

Siku hizo uso wa mama ulikuwa ukiganda katikati ya neno. Ijumaa moja Luqmani, mwanafunzi mwenzake aliyekuja kutoa kopi, akacheka. "Warda, mamako kawa picha ya ukutani!"

Warda hakucheka.

"Mtandao wetu huu, dada," Sihaba akasema. "Tuache video. Tusikilizane sauti tu."

"Haya, tutafanyaje?" mama akajibu, na simu ikakatika.

Warda akakitazama kioo kilichobaki kitupu. Sauti bila uso? Akaukumbuka ule mpira. Asubuhi za Jumamosi, alipokuja kusaidia dukani kabla upepo haujaanza na boksi halijafunikwa, ulikimbia. Mchana ulijikokota kama mtu anayetembea topeni. Na gemu lile halikutumia mtandao hata kidogo. Lakini kusema hivyo ni kujiumbua.

"Mamdogo, si mtandao. Kompyuta yenyewe imechoka."

"Umejuaje wewe?"

Warda akatazama chini. "Huwa nacheza gemu. Nalo linakwama, ukishafunika kanga."

Sihaba alimkazia macho. Kisha akapenyeza mkono chini ya kanga, akautoa upesi. "Lahaula! Jiko hili!"

Akaivuta kanga, akaikunja na kuipakata. Walingoja boksi lipoe, Warda akafungua gemu bila kujificha. Mpira ukakimbia. Wakampigia mama, na uso wake ukaja mzima, ukicheka, mwanya na yote.

Baadaye Sihaba alisema, "Kucheza kwa siri umekosea, na wiki hii duka utalifagia wewe. Lakini ungenyamaza kwa kuogopa kugombezwa, tungeusingizia mtandao mpaka kompyuta iungue. Ukweli useme, mwanangu, hata ukianza kukuumbua wewe."

Akamvika kanga mabegani. "Hii haikuwa ya kompyuta."

Warda akajifunika. Kanga ilikuwa bado na joto, kana kwamba mama ameivua sasa hivi.